Kaka, mshushie mtoto kitabu chake

Kaka,

Simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, maana wifi hupita na najua atakusomea.

Miezi saba imepita tangu tuanue tanga la baba. Mengi ya siku zile nimeyameza. Kaburi kufukiwa kabla ndege yangu haijatua, sawa, mwili haukuweza kusubiri. Lakini mkono wako ukimpokonya mwanao kitabu pale mkekani, mbele ya mama, huo bado nauona.

Kwa wanaosoma na hawakuwepo: nilimletea mtoto The Crossover ya Kwame Alexander, ile iliyochorwa na Dawud Anyabwile mwaka 2019. Hadithi yenyewe ilitoka 2014 na mwaka uliofuata ikapewa medali ya Newbery, ambayo Marekani huipa vitabu vya watoto. Imeandikwa kwa mashairi mwanzo hadi mwisho. Picha zake ni nyeusi na nyeupe, na katikati rangi moja tu, ya mpira wa kikapu. Mapacha wawili wanacheza, baba yao aliwahi kuwa mchezaji wa kulipwa. Baba huyo ana presha na hataki kusikia habari za daktari.

Umeona sasa kwa nini ulikipokonya.

Mtoto alikuwa anasoma Kiingereza chake cha shule, mimi namgeuzia mama kwa Kiswahili, mama anachambua mchele. Tukafika kwenye ukurasa ambao maneno yanashuka moja moja hadi chini. Akaniuliza, "Shangazi, mbona yanaanguka?" Nikamwambia hayaanguki, yanadunda. Akacheka, mara ya kwanza tangu babu yake azikwe. Akaanza kupiga mkeka kwa kiganja: du, du, du. Mama akaacha mchele. Akasema, "Hivyo hivyo. Alikuwa anadunda hivyo uani, mpaka majirani wanalalamika." Kisha akalia, na ndipo ulipoingia.

Ulisema nimeleta msiba juu ya msiba. Kaka, mama alikuwa analia tangu Jumanne, ila peke yake, chumbani. Siku ile alilia huku anasimulia. Mimi naona kuna tofauti.

Mtoto huyu amelelewa na mpira ule ule uliotulea sisi. Jumamosi uwanjani Don Bosco, Upanga, baba pembeni anapaza sauti, "Hamisha mkono! Hamisha mkono!" Yaani mpira utoke mkono huu uende ule, ndiyo crossover yenyewe. Juni 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na timu ya Memphis Grizzlies, mtoto wa Dar es Salaam, aliyelia sebuleni ulikuwa wewe. Baba alikupangusa kwa kanga ya mama. Kwa hiyo usiniambie mashairi ya kikapu ni mambo ya Wazungu. Kwanza hata aliyeyaandika na aliyeyachora ni watu weusi, na yule baba wa kwenye kitabu ana maringo ya baba yetu kabisa.

Nakiri jambo moja. Mwisho wa hadithi niliujua. Nilikinunua kabla baba hajafariki, kwa ajili ya mpira tu, lakini nilipokitia begini usiku wa kusafiri nilijua kinaishia wapi. Nilitaka mtoto akute mahali mtoto mwenzake anaruhusiwa kukasirika. Nyumbani kwetu kila mtu alimwambia, "Jikaze, wewe mwanaume." Ana miaka kumi.

Na wewe kapime presha. Nakuomba kama mdogo wako. Mimi nimepima, na dawa nameza kila asubuhi kabla sijatoka kwenda popote. Ningekuwa karibu, vidonge vya baba ningevihesabu mwenyewe. Ulijua ameviacha tangu Pasaka. Nilikuuliza kila Jumapili, nawe kila Jumapili ukanijibu, "Mzee yuko fiti." Wakati ule karatasi zangu za kuishi huku zilikuwa hazijatoka, ningetoka huku nisingerudi, unajua hilo, usimwambie shangazi mkubwa kwamba nilichagua dola. Nilikuwa natuma hela ya dawa. Hela ilikuwa inafika.

Samahani. Sikutaka kuyaandika hayo hapa, lakini siyafuti.

Mapacha wale nao waligombana. Mmoja alimtupia mwenzake mpira usoni kwa makusudi, wakakaa siku nyingi hawasemeshani, baba akiwa anaumwa. Sehemu hiyo hatukuifikia mkekani. Ningependa mwanao akusomee wewe.

Juzi alinitumia picha kwa simu ya mama yake. Amemchora babu na mpira, amejaza mpira kwa penseli ya rangi ya chungwa, na pembeni maneno yanashuka:

du
nda
babu
du
nda

Anauliza kama herufi zimekaa sawa. Nimemwambia mstari wa tatu ausogeze kulia kidogo, maana babu alikuwa anahamisha mkono.

Kitabu kiko juu ya kabati la vyombo, nyuma ya lile sufuria kubwa la msibani. Mama ameniambia. Yeye hafikii, na mtoto anaogopa kukuomba.