Barua ya Malalamiko: Gari la Michezo, Theluji ya Ettal na Majibu ya Kampuni Yenu

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Safari za Nje,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKABIDHIWA GARI LENYE MATAIRI YA KIANGAZI KATIKATI YA MAJIRA YA BARIDI, UJERUMANI

Nimeipokea barua yenu ya kunipa pole, na nawashukuru kwa karatasi nzuri mliyoitumia. Aya yake ya pili inasema kwamba gari la michezo "kwa asili yake" halifai kwenye theluji, na kwamba mteja aliyelichagua ndiye anayebeba athari zake. Kwa heshima yote ninayoweza kuikusanya, aya hiyo ndiyo iliyonifanya niichane barua fupi na ya upole niliyokuwa nimeiandaa, nikaandika hii.

Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayanukuu. Mnajua pia kwamba kwenye vocha yangu ya kukodi gari kuna mstari wa malipo ya matairi ya majira ya baridi, na kwamba malipo hayo mliyapokea hapa Dar es Salaam, kwa shilingi, kabla sijapanda ndege. Gari ambalo mshirika wenu alinikabidhi mjini Munich, la milango miwili, injini mbele na nguvu zote kwenye magurudumu ya nyuma, lilikuwa na matairi mapana ya kiangazi yasiyo na ile alama ya mlima wenye chembe ya theluji, inayoonyesha kwamba tairi linafaa kwenye theluji. Mpira wa matairi ya aina hiyo huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na kwenye theluji ni sawa na kuvaa kandambili juu ya sakafu iliyomwagikiwa mafuta. Upana ule ule unaolisaidia gari kuishika lami kavu ndio unaolifanya lielee juu ya theluji badala ya kuikata na kuifikia barabara.

Kwenye kona za mlima wa Ettal, kusini mwa Munich, ukitokea Oberau, theluji ikiwa inaanguka kwa wingi, magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka bure, gari likaishiwa mwendo, kisha likaanza kurudi kinyumenyume huku nimekanyaga breki mpaka mwisho. Lilisimama karibu kabisa na ukingo wa chuma, likiwa limekatiza njia, na basi la abiria likiwa limezuiwa nyuma yetu. Mke wangu alikuwa akisoma dua kwa sauti. Nikapiga namba yenu ya dharura, ile mnayoitangaza kuwa iko wazi saa 24. Kijana wa zamu alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mzee, theluji si mchanga wa Kigamboni. Tafuta watu wakusukume." Akacheka, na nyuma yake nikasikia wenzake nao wakicheka.

Nirudi nyuma kidogo, maana barua yenu inadai kwamba sikulalamika wakati wa kulichukua gari. Niliuliza. Nilimwonyesha mhudumu wa Munich mstari ule wa malipo, akagonga kompyuta yake na kunijibu kwamba kila kilicholipiwa kimefungwa. Mteja aliyelipa, aliyeuliza na aliyejibiwa hivyo mlitaka afanye nini zaidi, ndugu Meneja? Alale chini ya gari na tochi? Aliyekuja kuinama na tochi ni askari wa barabarani, baadaye, pale mlimani. Sheria ya huko tangu mwaka 2010 inakataza kuendesha kwenye theluji au barafu bila matairi yanayofaa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 matairi yanayokubaliwa ni yale tu yenye alama niliyoitaja. Faini yake ni euro 60, na ukizuia njia inakuwa euro 80. Mimi nililipa 80. Mwenye gari anayeruhusu litoke hivyo naye ana faini yake ya euro 75, na ningependa sana kuiona risiti ya mshirika wenu.

Ama hiyo hoja ya "asili" ya gari, naiona ni dharau iliyovikwa tai. Mimi ni mtu wa Iringa na mlima Kitonga nimeupanda kwa magari ya kila namna, kwenye mvua na ukungu, kwa hiyo najua gari linapokosa nguvu na najua gari linapokosa tairi. Wakazi wa Munich wanaendesha magari ya michezo Januari nzima, kwa sababu wameyafunga matairi ya Januari. Björn Waldegård, yule Mswidi ambaye wapenzi wa Safari Rally wanamkumbuka kwa kuishinda mara nne, alishinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1969 na 1970 kwa Porsche 911, gari la michezo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, katika milima yenye theluji. Hakuna aliyempelekea matairi ya kiangazi na kumwambia kosa ni la gari.

Na sasa narudi kwenye ile simu, kwa sababu barua yenu imeiita "kutoelewana kwa lugha". Lugha ipi? Tulizungumza Kiswahili. Nilikuwa nimeiweka simu kwenye sauti kubwa ili mikono yangu ibaki kwenye usukani, kwa hiyo mke wangu alisikia kila neno. Askari alikuwa amesimama dirishani, theluji ikimjaa mabegani, akisubiri nimwambie kampuni imesema nini kuhusu gari la kutukokota. Kampuni ilikuwa imesema theluji si mchanga wa Kigamboni. Kampuni ilikuwa inacheka. Kisha nikawekewa muziki, na muziki ukakatika. Gari la kukokota aliliita askari yule, na gharama yake mshirika wenu ameikata kwenye amana yangu bila hata kuniarifu.

Awali nilikusudia kudai fedha za matairi ambayo sikupewa, basi. Baada ya barua yenu nadai fedha zote za kukodi gari, faini, gharama ya kukokotwa na usiku wa hoteli ya Oberammergau tuliyoilipia na hatukuifikia. Nadai pia barua ya kumwomba radhi mke wangu, iliyosainiwa na wewe mwenyewe na si na "Idara", na maelezo ya hatua mlizomchukulia kijana yule na waliocheka naye.

Mwisho wa mwezi huu ukipita bila majibu, malalamiko haya pamoja na vocha, hati ya faini na picha za matairi nitayawasilisha Tume ya Ushindani, na nakala nitampa wakili wangu, ambaye tayari ameisoma aya yenu ya pili na kuifurahia kuliko mimi. Namba yenu ya dharura hutangaza, kabla ya mtu kuzungumza, kwamba mazungumzo yanarekodiwa. Nadai rekodi ya simu yangu, yote, pamoja na kicheko, na kuanzia siku mtakayoipokea barua hii nitahesabu kupotea kwake kuwa ni kuficha ushahidi.

Wenu,
Mteja mwenye vocha iliyoambatishwa