Kabla hujatia sahihi ile fomu ya kambi

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa kijana wetu. Nimefurahi kusikia atakwenda kambi ya kutwa likizo hii. Umeniuliza kwa nini wanataka maelezo yote hayo ya afya kwa mtoto anayerudi nyumbani kila jioni. Mwenzangu, kutwa nzima atakuwa mikononi mwa watu wasiomjua. Wewe ukimsikia akikohoa unajua kama ni mafua au ni pumu inaanza. Wao watajua kile tu ulichowaandikia.

Kwa hiyo usiandike "ana pumu" ukaishia hapo. Taja kinachoiamsha: vumbi, baridi, mbio nyingi. Taja dalili zake za mwanzo, dawa anayovuta, mara ngapi, na ni wakati gani waite gari la wagonjwa bila kukungoja wewe. Daktari wake aupitie mpango huo na kuusaini. Dawa iende kwenye boksi lake lilelile lenye jina la mtoto na kipimo, na uangalie tarehe ya kuisha. Halafu ulizia itakaa wapi. Ikifungiwa ofisini na watoto wako uwanjani, haina faida. Anayeongoza kundi lake ndiye aibebe.

Kinachonitia hofu zaidi ni ule mzio wake wa karanga. Dawa ya mzio ya kunywa hutuliza mwasho, lakini haiwezi kuokoa mtoto ambaye koo linaziba. Hapo ni sindano ya adrenalini, upande wa nje wa paja, hata juu ya suruali, na papo hapo. Kisha aende hospitali hata kama ameshaanza kucheka, maana dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Nenda ukawaulize ana kwa ana nani kati yao amefundishwa kuipiga. Wakibabaika, mtafutie kambi nyingine. Hilo nakuambia kwa moyo wote.

Kadi ya chanjo utatakiwa kuionyesha. Wakikazania dozi 2 za surua usione wanakusumbua: mwenye surua huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla ya vipele kutokea, kwa hiyo kumtenga anayeonekana mgonjwa ni kuchelewa. Mpime na uzito upya, kwani dozi nyingi za watoto hufuata kilo.

Na siku akiamka na joto la 38 au zaidi, abaki nyumbani. Najua kazi inakubana, lakini ukimpa dawa ya kushusha homa na kumpeleka, itapanda tena mchana, naye ameshakaa na wenzake. Kambi nyingi hutaka apitishe saa 24 bila homa na bila dawa hiyo.

Ukimaliza kuijaza fomu, nipigie picha unitumie niipitie kabla hujaipeleka.

Wasalaam,
Rafiki yako