Wabunge 49 walioinusuru Labour

Mhariri,

Wiki hii magazeti ya London yameshughulika na machozi ya Rachel Reeves. Ni kweli, Jumatano ya Julai 2, 2025, Waziri huyo wa Fedha alilia bungeni mbele ya kamera, akiwa ameketi nyuma ya Waziri Mkuu Keir Starmer, na siku hiyohiyo pauni ikashuka na gharama ya serikali kukopa ikapanda. Msemaji wake alisema ni jambo la binafsi. Binadamu hulia, tumwache. Ninalotaka kulisema linahusu usiku uliotangulia, Jumanne ya Julai 1, wabunge 49 wa Labour, chama tawala, walipoupigia kura ya hapana muswada wa serikali yao wenyewe wa kukata posho za walemavu na wagonjwa. Nami, mpiga kura wa Labour kwa miaka mingi, nasema walifanya sawasawa.

Kazi yangu hapa Leicester ni kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu majumbani mwao, kwa hiyo muswada huu niliusoma kwa macho ya kazi. Ulilenga PIP, posho inayomsaidia mtu kubeba gharama za ulemavu wake, awe ameajiriwa au hana kazi. Mwombaji hupewa alama kwa kila shughuli inayomshinda, na akifikisha 8 kwa jumla anastahili posho ya mahitaji ya kila siku. Serikali ilitaka kuongeza sharti: lazima apate angalau alama 4 katika shughuli moja. Sasa mchukue mtu ambaye hawezi kujiosha kuanzia kiunoni kwenda chini. Hiyo ni alama 2. Kuvaa suruali mpaka asaidiwe, 2 nyingine. Jiko la kawaida halimudu, anapasha chakula kwenye maikrowevu, 2. Chooni anahitaji vifaa vya kujishikilia, 2. Jumla 8, leo analipwa. Kwa sharti jipya angekosa posho yote hiyo, ingawa kesho asubuhi bado angehitaji mtu wa kumwosha na kumvisha. Watu wa namna hiyo nawafahamu kwa sura.

Sharti hilo halikutoka kwa madaktari wala kwa walemavu wenyewe. Lilitoka kwenye hesabu. Mwezi Machi, Liz Kendall, waziri wa kazi na pensheni, alitangaza mageuzi ya kuokoa pauni bilioni 5 kwa mwaka. Ofisi huru inayokagua bajeti ilipoona fedha zitakazookolewa hazifiki hapo, Reeves akaongeza makato mengine ndani ya siku chache ili pengo lizibe. Tathmini ya serikali yenyewe ikakadiria kwamba watu 250,000 zaidi wangeingia katika umaskini, 50,000 kati yao watoto. Ukurasa huo mawaziri waliusoma, kisha wakawataka wabunge wa Labour, chama kinachojiita cha wafanyakazi, waupitishe muswada.

Hawakukubali. Zaidi ya 120 walitia saini pendekezo la mbunge mwenzao Meg Hillier la kuukwamisha. Vicky Foxcroft aliacha unadhimu wa chama kuliko kuutetea. Ijumaa ya Juni 27 serikali ikaanza kulegea, ikaahidi kwamba wanaopokea posho sasa hawataguswa. Jumanne jioni, mjadala ukiwa unaendelea, waziri Stephen Timms akasimama na kutangaza kwamba kifungu cha 5, chenye sharti la alama 4, kinaondolewa hadi amalize mapitio atakayofanya pamoja na watu wenye ulemavu. Muswada uliobaki ukavuka hatua hiyo kwa kura 335 dhidi ya 260.

Wapo wanaowaita wale 49 wasaliti. Wakumbuke kwamba Julai mwaka jana wabunge 7 walisimamishwa na chama kwa sababu ya kura moja tu, ya kutaka kuondoa ukomo wa kulipa posho kwa watoto wawili tu wa kila familia. Kwa hiyo hawa walijua adhabu inaweza kuwafika. Na kama tunatafuta kilichoidhoofisha Labour, tuanze na wazee kunyang'anywa posho ya kupasha nyumba joto mwaka jana, uamuzi ambao serikali imelazimika kuugeuza mwezi uliopita. Mei 1 tulipoteza kiti cha ubunge cha Runcorn kwa chama cha mrengo wa kulia cha Nigel Farage kwa kura 6. Hakuna muasi aliyetupotezea kiti kile.

Zarah Sultana, mmoja wa wale 7, Alhamisi ametangaza kuondoka Labour ili kuanzisha chama pamoja na Jeremy Corbyn, kiongozi wa zamani wa Labour. Hasira yake naielewa, lakini simfuati. Kifungu cha 5 kimeangushwa na watu waliobaki ndani. Conservative, chama cha upinzani, nao wasijidai watetezi wa wanyonge: walipiga kura ya hapana kwa kuwa wanataka makato makubwa zaidi.

Fedha zipo kwingine. Anayeuza hisa kwa faida hulipa kodi isiyozidi asilimia 24, wakati mshahara mkubwa hutozwa hadi asilimia 45. Serikali ya Labour ilipaswa kuanzia hapo.

Na kazi haijaisha. Katika muswada uliobaki bado kuna kipengele kinachokata nyongeza ya ugonjwa katika Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo, kwa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026, kutoka pauni 97 kwa wiki hadi takriban 50, isipokuwa kwa wachache wenye hali mbaya zaidi. Kiwango cha kawaida kitapanda kidogo, nakubali, lakini hakifidii pengo hilo. Muswada unarudi bungeni Jumatano, Julai 9. Watanzania, Wakenya na Waganda tunaoishi hapa kihalali tuna haki ya kupiga kura kama raia wa Jumuiya ya Madola, na mbunge wako ni mbunge wako hata kama hukumchagua. Mwandikie kabla ya Jumatano, mweleze mtu unayemjua ambaye angepoteza zile pauni 47 kila wiki, na umuulize atapiga kura gani.

Mhudumu wa majumbani,
Leicester, Uingereza
Julai 5, 2025