Songea yenye S mbili

Sinza, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Bibi hajambo? Mfikishie shikamoo yangu. Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kusoma.

Barua yako niliipata, na swali lako limenikaa kooni wiki nzima. Umeniuliza inakuwaje mtu mliyelala naye bweni moja, mkalia pamoja siku mlipofundishwa habari za Vita vya Majimaji, leo anasomea lugha na fasihi ya Wajerumani, watu walionyonga wazee wenu hapo Songea Februari 1906. Sikukasirika. Ningekulia jirani na kaburi lile, ningeuliza vilevile.

Nilipoanza sikuwa na jibu. Nilikipenda Kijerumani, basi. Nilipenda kukuta kinafanana na chetu mahali ambapo sikutegemea. Majina yao yana makundi matatu, der, die na das, na darasani wengi wanateseka nayo. Sasa kuna neno Mädchen, yaani msichana, nalo liko kundi la das, lisilo la kike wala la kiume. Darasa zima likauliza, msichana vipi asiwe wa kike? Lakini tazama mwisho wa neno. Hiyo -chen ni alama ya udogo, na kila jina linalopachikwa -chen huhamia kundi hilo. Si ndivyo tunavyofanya sisi? Mtoto analia, lakini ukimwita kitoto, kinalia. Siku hiyo nilirudi Sinza nimesimama kwenye daladala, natabasamu peke yangu.

Kwenye fasihi tumewasoma akina Goethe na Kafka, na Kafka nitamrudia maisha yangu yote. Ila aliyenishika mkono ni mtu wa kwetu. Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 alitoroka kisiwani, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily. Mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hata lugha yake alikuwa bado anajifunza. Na mwaka 1886 akatoa kitabu cha kumbukumbu zake, kwa Kijerumani hicho hicho. Huyu ni mtoto aliyejifunza kuandika kwa siri, kwa kunakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana hawakufundishwa kuandika! Kitabu kinaanzia kwenye nyumba aliyozaliwa, Beit il Mtoni. Mtoni, shoga. Katikati ya Kijerumani, ambacho kingehitaji maneno mawili matatu kutaja mahali, limekaa neno letu na -ni yake. Yapo ambayo sikubaliani naye, hasa anavyoutetea utumwa, na tulibishana juu ya hilo mpaka kipindi kikaisha. Lakini tangu hapo siwezi tena kusema Kijerumani ni lugha ya wale tu.

Sasa jibu lenyewe. Majalada ya utawala wa Wajerumani yamehifadhiwa hapa hapa Dar, kwenye Nyaraka za Taifa. Mwezi uliopita mwalimu alituletea nakala ya ukurasa mmoja wa zama hizo, barua ya ofisini iliyoandikwa kwa mkono, mambo ya mizigo na wapagazi. Nikatazama nisione kitu. Ule mwandiko wa kale, Kurrent, e yake inafanana na n, na u inavalishwa kikofia juu. Hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Nilikaa na mstari mmoja karibu saa nzima, nikifuatisha herufi kwa ncha ya penseli bila kugusa karatasi, na neno la kwanza kulitambua lilikuwa Ssongea.

S mbili. S moja mbele ya irabu, Mjerumani huitamka kama Z, angesema Zongea. Kwa hiyo waliongeza ya pili ili jina litoke kama mnavyolitamka ninyi. Nililia pale pale, shoga. Yule karani alitega sikio, akalipata jina sawasawa. Na Songea Mbano, nduna, yaani kiongozi wa Wangoni, ambaye mji wenu unaitwa kwa jina lake, serikali ya karani huyo huyo ilimnyonga.

Steinmeier, rais wao, alipokuja hapo kwenu Novemba 2023 akaomba msamaha, uliniandikia kwamba bibi alisikiliza mpaka mwisho akanyamaza. Nami nashukuru kwamba aliomba. Lakini yapo yaliyoandikwa wakati ule ule, na sitaki tuendelee kusomewa na wengine habari za wazee wetu. Ndiyo maana nasoma.

(Kaka naye anauliza nitakula nini na digrii hii. Kuna ualimu, kuna utalii, kuna ukalimani. Nitakula.)

Nakuomba jambo moja. Kaa na bibi, andika majina ya wazee wa ukoo wenu kama anavyoyatamka yeye mwenyewe, si kama yalivyo kwenye vitambulisho. Niambie wapi anavuta, wapi anakaza. Nitayaandika upya kwa sikio la karani wa Kijerumani: sh iwe sch, ch iwe tsch, j iwe dj, maana hata Ujiji wao waliandika Udjidji. Likizo ikianza nitaomba kibali cha kuingia kwenye majalada, nianze kuyatafuta moja moja. Mwambie bibi asiache hata jina la mtoto aliyefariki mdogo.

Nitumie kabla mwezi haujaisha.

Wako wa bweni moja