Watemi wabaki na ngoma zao, hazina na ardhi wasipewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja inayozidi kusikika huku kwetu Kanda ya Ziwa, kwamba machifu, ambao sisi Wasukuma tunawaita watemi, warudishwe rasmi katika sheria, wapewe ofisi, posho ya kila mwezi na usemi juu ya ardhi. Wanaoitetea hutaja Uingereza, Japani na Norway, halafu hunyoosha kidole ng'ambo ya ziwa, kwenye ufalme wa Buganda nchini Uganda, na kuuliza: ikiwa wenzetu wanaendelea na wafalme wao, sisi tulifuata nini kuwafuta wetu mwaka 1963? Swali hilo ni halali. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha historia na uraia huku Magu, na nalijibu kwa moyo mzito kidogo kwa sababu naipenda sana mila ya kwetu. Ukoo wa kifalme unaweza kuinufaisha nchi, lakini pale tu unapoishi kwa hiari ya watu wanaoupenda. Ukianza kulipwa na serikali na kugawa mashamba, wananchi ndio wanaogeuka kuwa mali yake.

Mifano ya Ulaya nitaipitia haraka. Norway mwaka 1905 ilipoachana na Sweden, wananchi walipiga kura ya maoni kuamua kama wamkaribishe mfalme, wakakubali. Ukoo ule ulianza na ridhaa. Hispania nayo, usiku wa Februari 23 mwaka 1981 wanajeshi walipovamia bunge, Mfalme Juan Carlos alitoka kwenye televisheni akaagiza jeshi litii katiba, na jaribio la mapinduzi likafa. Siwezi kuudharau usiku ule. Ila mfalme huyohuyo mwaka 2020 aliihama nchi yake akaenda kuishi Abu Dhabi, akiandamwa na tuhuma za fedha. Uingereza, hakuna mfalme wala malkia aliyekataa kutia saini sheria iliyopitishwa na bunge tangu mwaka 1708. Kwa hiyo anayetuambia kwamba ufalme umeiendeleza Uingereza asisahau kusema kwamba ufalme huo ulinyang'anywa meno kwanza. Hata hivyo, gharama bado ipo. Ruzuku ya serikali kwa jumba la kifalme, iliyokuwa pauni milioni 86.3 kwa mwaka, ilipanda hadi pauni milioni 132.1 katika mwaka wa fedha wa 2025/26, sehemu kubwa ya nyongeza ikiwa ya ukarabati wa kasri. Wao wana uwezo. Sisi bado tuna zahanati zinazosubiri mabati.

Na kwa taarifa ya vijana, nchi hii nayo iliwahi kuwa na malkia. Tangu Desemba 9, 1961 hadi Desemba 9, 1962, mkuu wa dola ya Tanganyika alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwakilishwa Dar es Salaam na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Tulipokuwa jamhuri akaondoka, na sijawahi kukutana na mzee yeyote aliyeniambia tulipungukiwa na kitu.

Tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye mafunzo mazito.

Utemi wa Usukuma, kabla ya wakoloni, haukuwa ufalme mmoja mkubwa. Zilikuwa temi nyingi, nyingine ndogo kiasi cha kuzunguka kwa miguu siku moja. Mtemi hakujitangaza, alichaguliwa na banang'oma, wazee wa ukoo waliokuwa na kauli ya nani akalie kiti. Kwa desturi ya zamani urithi ulipita upande wa mama, hivyo aliyetarajiwa alikuwa mpwa. Watu walimlimia mtemi shamba, na nafaka ile ilikuwa akiba ya mwaka wa njaa. Mvua zikigoma mfululizo, au mtemi akizidi ukali, aliweza kuondolewa. Na mtu aliyemchoka mtemi wake alikuwa na dawa rahisi: alikusanya ng'ombe na familia, akahamia utemi wa jirani, ambako alipokelewa kwa furaha kwa kuwa mtemi bila watu si kitu. Vijana nao walikuwa na wakubwa wao, basumba batale, walioendesha kazi za pamoja na ambao mtemi hakuweza kuwapuuza. Huo ndio utemi ninaouheshimu. Heshima yake ilitoka chini.

Kisha akaja Mwingereza. Chini ya Gavana Donald Cameron, katika miaka ya 1920, watemi wakafanywa watawala wa wenyeji: wakapewa mahakama, hazina, na mshahara. Tangu siku hiyo mtemi hakuhitaji tena kumwogopa mkulima, alimwogopa DC, yaani mkuu wa wilaya wa kikoloni. Akawa mkusanya kodi. Baada ya vita kuu ya pili, ulipokuja mpango wa maendeleo wa Usukuma, ni mabaraza ya watemi yaliyotumika kuwalazimisha watu kulima matuta na kupunguza ng'ombe, na aliyekaidi akatozwa faini. Wazee walionilea hawakuyasimulia mambo haya bila kukunja uso. Mwaka 1958 maelfu ya watu wa Geita walipoandamana, na wengine wakaja hadi hapa Mwanza mjini, hasira ilikuwa juu ya utawala mzima uliopangwa bila wao, na watemi walihesabiwa upande wa utawala.

Nani aliyewasemea wakulima wakati ule? Wakulima wenyewe. Walichoka kupunjwa kwenye mizani ya pamba, wakaweka wapimaji wao, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, likiongozwa na kijana Paul Bomani. Viongozi wale walikuwa wa kuchaguliwa. Nasisitiza hili kwa sababu siku hizi tunasimuliwa kana kwamba kabla ya uhuru watemi ndio waliotubeba.

Kwa hiyo serikali ya Mwalimu Nyerere ilipofuta madaraka ya machifu mwaka 1963, haikuua kitu kilichokuwa hai kama zamani. Na Mwalimu hakuwa mgeni asiyejua anachogusa. Alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, pale Butiama, na ndugu yake Edward Wanzagi alikuwa chifu baada ya baba yao. Aliigusa nyumba yake mwenyewe.

Buganda sasa. Nakubali bila kusita kwamba Kabaka, mfalme wao, ana manufaa kwa watu wake. Ufalme ulifutwa na Rais Obote mwaka 1967, ukarudishwa na serikali ya Museveni mwaka 1993, na tangu hapo umehimiza kilimo cha kahawa, umeendesha redio kwa Kiganda, na mbio za siku ya kuzaliwa ya Kabaka huchangia afya. Makaburi ya wafalme ya Kasubi yalipoungua Machi 2010, Waganda walilia kama waliofiwa. Baadaye Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alizunguka kuomba mchango uitwao Ettoffaali, yaani tofali, na watu wakatoa: mwenye senti akatoa senti, mwenye mbuzi akatoa mbuzi. Hapo ndipo ninapouona ufalme wenye faida. Hakuna aliyelazimishwa; katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza mtu kulazimishwa kumtolea mtawala wa jadi chochote, na inamkataza mtawala huyo kuingia katika siasa za vyama.

Lakini wanaotutajia Buganda hawatutajii mailo, umiliki wa ardhi wa kule. Kwa mkataba wa mwaka 1900 Mwingereza alimgawia Kabaka, watu wa ukoo wake na wakubwa wake maelfu ya maili za mraba za ardhi, na wakulima waliokuwa wakiishi humo wakaamka wakiwa wapangaji. Zaidi ya miaka 120 imepita na mgogoro wa wenye hati na wenye vibanja, yaani wapangaji wanaolima humo, haujaisha. Hawatutajii pia Septemba 2009, serikali ilipomzuia Kabaka asiende Kayunga, ghasia zikalipuka Kampala na watu wengi wakauawa. Wala Kasese, Novemba 2016, jeshi na polisi walipovamia ikulu ya mfalme wa Rwenzururu, ufalme mwingine wa Uganda, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mfalme na rais wanapogombania utii wa watu walewale, wanaokufa ni raia.

Septemba 2021, hapahapa Kisesa, machifu walimvika Rais Samia Suluhu Hassan heshima ya utemi na kumpa jina la Hangaya. Ilikuwa siku ya ngoma na shangwe, na sina neno baya juu yake. Wasiwasi wangu ni kile ambacho wengine wamekijenga juu ya shangwe hiyo. Chifu akishaingia kwenye orodha ya malipo ya serikali, msimu wa kampeni atapanda jukwaa la nani? Na mkulima asiye wa chama hicho atamwonaje chifu wake?

Kilicho hai katika mila yetu hakijawahi kusubiri posho. Kila Juni Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, inachezwa Bujora, vikundi vya Wagalu na Wagika vinashindana kwa mbwembwe na dawa zao, na ngoma za watemi zimetunzwa katika makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement kwa msaada wa wenyeji. Sungusungu, walinzi wa vijiji, walipoinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wanavijiji walimwita mkuu wao ntemi, na walimchagua wao. Wapo waliokosea, wakaadhibu watu bila mahakama, lakini cheo kilitoka kwa wanakijiji.

Ardhi ndiyo inayoninyima usingizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeliweka jambo hilo mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, na inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa. Najua halmashauri nyingine zina rushwa. Lakini mjane akinyang'anywa shamba na shemeji zake anaweza kusimama mkutanoni mbele ya kijiji kizima na kulalamika, na mwenyekiti asiyemsikiliza anangojewa kwenye kura baada ya miaka mitano. Mtemi akipewa kauli hiyo kisheria, mjane huyo atampigia kura gani? Na banang'oma wa leo, kama wapo, watamwondoaje mtu anayelipwa na Dodoma?

Nawaomba wabunge wetu wa Mwanza, Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na Kagera, wale wanaolibeba jambo hili na wale walionyamaza, walijibu swali hilo hadharani kabla ya kuunga mkono kifungu chochote cha sheria au cha katiba mpya kinachowapa machifu mshahara au mamlaka juu ya ardhi.

Mwalimu mstaafu,
Kisesa, Magu