Malalamiko kwa wakala aliyetupeleka Mumbai kupandikiza mimba

Tabata Segerea,
Dar es Salaam.
23 Juni 2025

Meneja,
Uwakala wa Matibabu Nje ya Nchi,
Mikocheni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUCHAGULIWA KLINIKI BILA KUPIMWA, NA KUTANGAZWA MJAMZITO KABLA YA MAJIBU

Mimi ni mteja wenu. Tarehe 12 Machi 2025 nilisaini mkataba ofisini kwenu pamoja na mume wangu, kwa ajili ya safari ya kwenda kupandikiza mimba Mumbai, India. Tuliwalipa shilingi 21,600,000 kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilitokana na kiwanja chetu cha Chanika tulichokiuza. Ya pili ni mkopo wa kikoba, ambao hadi leo naurejesha kila Jumamosi.

Siandiki kwa sababu sikupata mtoto. Daktari wa kule alinieleza kwa upole kwamba hakuna kliniki inayoweza kumhakikishia mtu mimba, nami nimelipokea. Naandika kwa sababu tuliwalipa mtuchagulie kliniki inayotufaa kwa hali yetu, na ninyi mlituchagulia bila kuijua hali yetu.

Siku ya kwanza dada aliyetupokea alituwekea mezani kipeperushi chenye maneno "Mafanikio asilimia 70". Nilimuuliza, sabini hao ni kina nani? Akanijibu, "Mama, ni wateja wote, toa wasiwasi." Nina miaka 41. Ndoa yetu ina miaka tisa, na kwa miaka yote hiyo kila mwezi nimekuwa nikihesabu siku kimyakimya. Mtu wa namna hiyo ukimtajia sabini kwa mia hasikii hesabu, anasikia mtoto analia. Aliyekaa kwenye kiti kile anapaswa kulijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Maana ya ile sabini niliipata Mumbai, kwa daktari, siku ambayo nilikuwa nimeshalipa kila kitu. Ilikuwa hesabu ya wanawake waliopata kipimo chanya cha mimba baada ya kuwekewa kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara. Wanaoanza sindano za kukuza mayai wakaishia njiani, mayai yasipatikane au viinitete vife maabara, hawamo. Ambao mimba ilitoka baada ya kipimo chanya hawakuondolewa. Kubwa kuliko yote, ndani yake wamo waliotumia mayai ya kuchangiwa, na kwa sheria ya India ya 2021 mchangiaji wa mayai ni mwanamke wa miaka 23 hadi 35. Umri unaoamua hapo ni wa mwenye yai, si wa anayebeba mimba. Kwa hiyo mlinipimia matumaini yangu kwa mayai ya binti wa miaka 25.

Niliporudi nikaanza kusoma, jambo ambalo najilaumu kwa kutolifanya Februari. Uingereza wana mamlaka ya kusimamia kliniki hizi, HFEA, ambayo huweka matokeo wazi ili mgonjwa alinganishe kliniki kwa umri na kwa watoto waliozaliwa hai. Kwa takwimu zao za 2019, kila kiinitete kilichowekwa kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 kilileta mtoto kwa asilimia 32. Kwa mwenye miaka 43 na kuendelea anayetumia mayai yake mwenyewe, haikufika asilimia 5. Mimi niko katikati, tena karibu na hao wa mwisho. Mngenionyesha hesabu ya namna hiyo ningelia ofisini kwenu, nifute machozi, kisha niamue kama mtu mzima.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mirija yangu ya uzazi yote miwili imeziba. Ilionekana kwenye picha ya HSG, yaani eksirei ya mirija, niliyopigwa hapa Dar es Salaam mwaka 2019. Hiyo picha na kipimo cha mbegu za mume wangu ndivyo vitu pekee mlivyoviomba. Hamkuomba kipimo cha AMH, kinachoonyesha akiba ya mayai iliyobaki. Ni damu tu, inatolewa siku yoyote ya mzunguko, na maabara hapa mjini zinapima. Hamkuomba hata ultrasaundi ya kuhesabu vifuko vya mayai. Nilipimwa AMH Mumbai, siku ya pili baada ya kufika. Jibu lilikuwa 0.4, yaani akiba ndogo sana. Daktari aliangalia karatasi, akaniangalia, akauliza kwa nini sikuipima kwetu kabla ya kukata tiketi. Sikuwa na la kumjibu.

Ningelijua jibu lile Machi, maswali yetu yangekuwa mengine kabisa. Tungetafuta kliniki yenye uzoefu na wanawake wenye akiba ndogo. Tungeuliza kama inafaa kuvuna mayai kwa mizunguko miwili au mitatu na kugandisha viinitete kwanza. Tungefikiria hata kubaki hapa hapa, maana kliniki binafsi za kupandikiza mimba zipo Dar es Salaam, na mtu anayehitaji kurudia mara kadhaa anafaidika zaidi kulala kwake kuliko kulipia hoteli. Chaguo hizo zote tulinyimwa kwa sababu ya damu isiyojaza hata kijiko.

Kuhusu siku za safari nitasema kwa kifupi. Mliuza "kifurushi cha siku 14" na mkakata tiketi ya kwenda 5 Mei na kurudi 19 Mei, bila hata kuniuliza tarehe zangu za hedhi. Sindano huanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Yangu ilikuja tarehe 10. Nilichoma sindano kuanzia tarehe 11 hadi 21, mayai yakavunwa tarehe 23, kiinitete kikawekwa tarehe 26. Tulirudi tarehe 29. Kubadilisha tiketi mbili ni shilingi 1,460,000, hoteli siku kumi zaidi 900,000, na dozi kubwa ya sindano ambayo kifurushi hakikuihesabu 2,150,000. Jumla 4,510,000, na stakabadhi zote nimeziambatanisha. Fedha hizo alitutumia shemeji yangu wa Morogoro, ambaye naye ana wanawe wanasoma.

Mayai yaliyopatikana ni mawili. Moja lilirutubishwa.

Kabla ya hapo, tarehe 18 Mei usiku, mratibu wenu wa kule alinitumia ujumbe wa WhatsApp: tubadili, tutumie mayai ya kuchangiwa, tuongeze milioni sita, na jibu apate kabla ya saa nne asubuhi. Simlaumu mwanamke yeyote anayelea mtoto wa yai la kuchangiwa. Ni mwanawe, amembeba. Lakini mimi na mume wangu hatukuwa tumewahi kulizungumza hilo. Ni jambo la kuongea nyumbani kwa miezi, pengine na wazee, pengine na kiongozi wa dini. Sisi tulipewa usiku mmoja, katika chumba cha hoteli, tumbo langu limejaa alama za sindano. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda hadi alfajiri. Tulikataa, na baada ya hapo mratibu hakupokea tena simu zetu.

Kuna na hili. Mwezi Machi afisa wenu alimwambia mama mkwe wangu kwa simu kwamba India "mnachagua hata kama mnataka wa kiume". Sheria ya India ya 1994 inakataza kuchagua jinsia ya mtoto, na ni kosa la jinai. Ama afisa wenu haijui nchi anakopeleka watu, ama aliijua akasema hivyo hivyo. Mama ni mtu mzima, aliamini. Hadi leo ananiuliza kwa nini hatukuchagua.

Tarehe 27 Mei, siku moja baada ya kuwekewa kiinitete, mliweka picha yangu kwenye ukurasa wenu wa Instagram. Uso mmeufifisha, lakini kitenge changu cha sare ya harusi ya mdogo wangu kinaonekana chote, na kila mwanamke wa ukoo wetu anacho. Chini mmeandika: "Hongera mama kijacho! Mteja wetu mwingine amefanikiwa." Kipimo cha mimba hufanyika kama wiki mbili baadaye. Changu kilikuwa tarehe 9 Juni, na hakukuwa na mimba. Katika siku hizo kumi na tatu nilipokea simu za pongezi kutoka Tanga, Dodoma, na kwa shangazi aliyeko Muscat. Wengine walishaanza kuniandalia mwanasesere na nguo. Ilinibidi nimpigie mmoja mmoja kumwambia hapana, na kila niliyempigia alinyamaza kwanza kabla ya kusema pole.

Sikutoa idhini ya picha hiyo, kwa mdomo wala kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Ni zangu, si matangazo yenu.

Kwa hiyo nadai mnirudishie shilingi 4,510,000 tulizolipa juu ya kifurushi, pamoja na ada yenu ya huduma, 2,800,000. Nipeni mchanganuo wa ile 21,600,000: kliniki ililipwa kiasi gani, na kliniki iliwalipa ninyi kamisheni kiasi gani. Niliona bei zao ukutani pale mapokezi, nikapiga hesabu na tiketi na hoteli, haikufika huko. Nipeni pia jalada langu zima kutoka maabara, yaani dozi, idadi ya mayai na daraja la kiinitete, kwa sababu daktari yeyote atakayenitibu baadaye ataanzia hapo. Picha iondolewe leo, na mahali hapo hapo muandike kwamba tangazo halikuwa la kweli. Ile asilimia 70 nayo iondoke, au muandike ni ya umri gani, ni mayai ya nani, na wangapi walizaa.

Nakala ya barua hii nimeipeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jumatatu tarehe 7 Julai ni Sabasaba, ofisi zimefungwa. Tutafika kwenu Jumanne tarehe 8, saa tatu asubuhi, mimi na mume wangu. Naomba tulikute jalada.

Mteja wenu,

(Jina na sahihi vipo kwenye nakala mliyokabidhiwa ofisini)