Mwanangu, kuhusu hiyo kazi ya uwakili

Mwanangu hujambo? Tangu uniambie umeanza kujifunza kazi kwa wakili nna jambo nataka ulisome taratibu.

Uingereza zamani walikuwa na mahakama inaitwa Chancery, ya mambo ya mirathi na amana na ardhi. Nakala za maandishi ya kesi zililipiwa kwa ukurasa, yani mpinzani wako akiandika marefu wewe ndo unanunua nakala, basi makarani nao wakawa wanaweka maneno machache machache kwa mstari ili karatasi ziongezeke. Mwaka 1596 mtu anaitwa Richard Mylward akaandaa jibu la kurasa 120 wakati mahakama iliona 16 zingetosha. Mkuu wa mahakama, Thomas Egerton, akaamuru yale makaratasi yatobolewe katikati, Mylward apitishwe kichwa kwenye tundu, azungushwe ukumbi wa Westminster Hall mahakama zikiwa zimekaa watu wamuone, afu faini juu. Wengi wanaicheka hii ila mimi inaniuma, maana yeye aliaibishwa na malipo ya kwa ukurasa yakabaki vilevile.

Wakubwa ndo usiseme. Francis Bacon, aliyeongoza mahakama hiyohiyo, 1621 alikiri mashtaka 28 ya rushwa, hela nyingi zilitoka kwa watu wenye kesi mbele yake. 1725 ikawa zamu ya Macclesfield, naye aliwahi kuongoza Chancery, huyu aliuza vyeo vya maofisa waliotunza fedha za wenye kesi, zikiwemo za wajane na mayatima, nao ili warudishe walichonunulia cheo wakazizungusha hela za watu, nyingine zikapotelea kwenye hisa za kampuni ya South Sea zilipoporomoka 1720. Alipigwa faini pauni 30,000.

Na usidhani wananchi walinyamaza, walipiga kelele sana tu. 1653 bunge lilipiga kura Chancery ifutwe kabisa, bunge lenyewe likavunjika Desemba mwaka uleule, na mahakama ikadumu mpaka sheria ya 1873 ilipoiunganisha na zingine. Miaka 220! Naamini ni kwa sababu walioijua kiasi cha kuweza kuirekebisha ndo haohao waliokuwa wanakula humo.

Sasa ukipata nafasi niambie hapo ofisini kwenu mteja analipa vipi, kwa kesi nzima au kila mnapoenda mahakamani? Kesi ikiahirishwa nani anaingiza hela? Uliza kwa adabu, mwanangu, ila uliza.